Pamba Haikutoka Nyeupe

Kina mama, ndugu zangu katika Kristo, kabla sijasema lolote, nitazameni usoni. Tazameni tu, msione haya! Nina furaha mno leo, nikilia msishtuke.

Mnanijua, mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo katika kwaya yetu hapa Gikondo. Mnakumbuka pia kwamba mwaka jana, tisini na mbili, nilipotea. Wengine mlidhani nimegombana na kwaya. Hapana. Nilikuwa siwezi kufungua mdomo, na kilichonifikisha huko ni chupa ya toniki.

Wifi yangu aliniletea kutoka Ubelgiji. Ni maji ya kupangusia uso ukishanawa, unatia kidogo kwenye pamba. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, nami nikajifanya nimeyaelewa! Siku ya kwanza nikafuta, pamba ikatoka ya kahawia. Mungu wangu! Nikasema, kumbe miaka yote hii napokea komunyo na uso mchafu? Nikaapa sitaacha mpaka pamba itoke nyeupe.

Ndugu zangu, nawaambia, haikutoka nyeupe. Nilifuta asubuhi, mchana, jioni, na kila nikipita kwenye vumbi la magereji. Mafuta nikayaacha kabisa, eti yanarudisha uchafu. Uso ukiwasha, nasema dawa inafanya kazi. Mume wangu aliponiambia ngozi inabanduka, nilimjibu, "Wewe unajua nini mambo ya wanawake?" Ujuaji wangu huo!

Ngozi ikakauka, ikapasuka pembeni mwa mdomo. Jumapili moja nikaanzisha wimbo, nikapandisha sauti juu, kidonda kikafunguka, damu ikatiririka mpaka kwenye kola ya sare. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Miezi mitatu sikurudi hata kanisani. Nilidhani sitaimba tena maishani, na hilo liliniuma kuliko kidonda chenyewe.

Ndipo akaja mama mmoja wa kwaya hii, msusi, mzaliwa wa Bujumbura. Simtaji, ameshaanza kuinamisha kichwa pale! Akasema, "Nionyeshe unavyofanya." Nikafuta. "Unaona?" nikamwambia. "Bado ni uchafu!"

Akachukua pamba mpya na ile chupa, akapandisha mkono wa blauzi, akajisugua begani pasipofika vumbi. Mara ya kwanza, ya tatu, ya sita. Ikatoka ya kahawia pia!

"Mimi nimetoka kuoga sasa hivi," akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Hii haiko uchafu, iko ngozi. Yewe mama, unajichuna!"

Nikacheka na kulia, vyote pamoja. Akanishika mkono mpaka zahanati, mtawa akanipa marhamu na kuniambia niiache chupa mpaka nipone. Na nikapona! Sasa naitumia, ndiyo, sikuitupa. Mara moja jioni nikishanawa, nagusisha tu, kisha napaka mafuta.

Namshukuru Mungu. Namshukuru msusi wetu, na mtawa yule, na mume wangu ambaye hakunicheka hata siku moja. Ninyi mnaonisikia, ukiletewa kitu usichokijua, uliza. Ngozi ikiwasha, inakuomba uache, isikilize.

Lakini hata nilipopona na kurudi kanisani niliogopa; tangu Jumapili ile ya damu sijaimba mbele ya mtu yeyote. Simameni, kina mama. Leo naanza na sauti ya juu kabisa.