Risala ya Viziwi wa Solpo Siku ya Kuzindua Hifadhi ya Kanda Zetu za Video

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Meya Gam Tae-seop;
Mkurugenzi wa Maktaba ya Mji;
Wazee wetu, ndugu na majirani:

Sisi wanachama wa Chama cha Viziwi wa Solpo tunakukaribisha, Mheshimiwa. Anayesoma kwa mikono ni katibu wetu, Chu Dal-ho. Sauti unayoisikia ni ya mkalimani. Dal-ho akionekana amekasirika, usijali. Ndivyo uso wake ulivyo akizungumza jambo analolipenda.

TULIKOTOKA

Tangu kamera za video zilipofika mjini hapa, wazee wetu walirekodiana: harusi, ugomvi, vichekesho, hata majina ya masoko yaliyokwisha kubomolewa. Lugha ya alama ya Solpo ina maneno ambayo viziwi wa Seoul hawayajui, na mengine yamebaki kwenye kanda tu, maana waliokuwa wakiyatumia wametangulia. Kisha kanda zikaanza kuota ukungu.

Maktaba ikatupatia seva moja, yaani kompyuta ya kuhifadhia, na mtaalamu mmoja, Pyo Ok-rim. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanachama wetu. Huyu alijua kuzungumza kwa mikono kabla ya kujua kwa mdomo.

TULICHOFANIKIWA

Kwenye seva hiyo, inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, Ok-rim alikusudia kuweka programu ya kuhifadhi kumbukumbu. Huipokea video, huitambua aina yake, huitengenezea nakala itakayofunguka hata miaka ijayo, na huitia alama ili ikibadilika hata kidogo ijulikane. Kumbe ndani yake mna programu nyingi ndogo, na hazipatani. Alipozimwaga zote pamoja, moja ilitaka hifadhidata ya zamani, nyingine mpya, zote zikagoma.

Akaanza upya, kila programu ndani ya kontena lake. Mwenyekiti wetu, seremala Maeng Gi-su, akamwuliza, "Makontena? Kwani tunahama?"

"Mzee, kwenye jokofu lako, achari ya kimchi ya figili na ya kabichi umezichanganya?" Ok-rim akamjibu.

"Mke wangu ataniua!"

"Basi na hizi kila moja ina chombo chake. Moja ikiharibika, nakitupa chombo chake, naleta kingine."

Ikafanya kazi. Kanda ya kwanza kuingizwa ilikuwa ya Bi Seok Bun-i: marehemu mumewe, Bwana Hyeon, akisimulia alivyomtorosha nguruwe wa baba mkwe. Bi Seok alicheka mpaka akafuta machozi, na kesho yake akarudi na dada yake ili naye aone.

Asubuhi hiyo Ok-rim alikuwa ametupa kontena lenye hitilafu na kuleta jipya. Video ilikuwa imewekwa mlemle ndani. Ilikwenda nalo.

"Umemzika mara ya pili," Bi Seok alimwambia, akachukua kanda yake akaondoka.

Ok-rim hakupanda kutoka chumba cha chini, iliko seva, kula chakula cha mchana. Alituambia baadaye kwamba alikuwa tayari kuomba ahamishiwe dirisha la kuazimisha vitabu. Badala yake alitenga eneo kwenye diski ya seva yenyewe, nje ya makontena yote, akayapa njia ya kuweka video humo. Mpangilio wote akauandika kwenye faili moja, ili amri moja tu iyainue makontena yote upya. Kisha akabeba mapeasi, akaenda kwa Bi Seok.

"Sikuja kuomba kanda, mama. Njoo tu uone nikivunja."

"Unavunja nini?"

"Kila kitu."

Bi Seok akamtazama sana. "Basi tumia kanda yangu. Ya mtu mwingine sitaamini."

Kanda ile ilikuwa imechoka; kule maktaba tukaitazama ikizunguka. Haikukatika. Bwana Hyeon akaingia. Hapo Ok-rim akayafuta makontena yote mbele ya macho yetu. Kioo cha kompyuta kikawa kitupu. Akatoa amri moja. Yakainuka, moja baada ya jingine, na Bwana Hyeon huyo, na nguruwe wake.

"Vunja tena," akasema Bi Seok.

Akavunja. Hyeon akarudi.

"Tena."

"Mama, nguruwe atachoka!"

Bi Seok akacheka. Tangu siku hiyo wanachama wanaleta kanda zao wenyewe, bila kubembelezwa.

YANAYOTUSUMBUA

Mji wetu uko pwani, seva iko chumba cha chini, na mvua za majira ya joto huingia humo. Makontena yakifa tutayarudisha. Diski ikizama hatuna cha kurudisha. Halafu mkataba wa Ok-rim unaisha mwisho wa mwaka. Programu hizi zinataka kutunzwa, na mjini hapa anayezijua amri za Linux na mikono yetu kwa pamoja ni yeye peke yake.

MAOMBI

Tunaomba seva ya pili ya kuweka nakala, mbali na bahari. Shule ya kule mlimani imekubali kutupa chumba kikavu. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunaomba umwulize Ok-rim mwakani atakuwa wapi. Yeye hatakuomba kitu, tunamjua. Ndiyo maana tunaomba sisi.

Mama aliyeketi mstari wa mbele, mwenye koti la kijani, ndiye Bi Seok. Leo amekuja na kanda nyingine ambayo hatukujua anayo, ya harusi yao. Tumemsihi aitoe iingizwe mbele yako, amekataa. Anasema ataitoa akishasikia utakavyojibu.

Tunakuombea afya, na nyumba yenye amani.

Ni sisi,
Chama cha Viziwi wa Solpo