Mkono wa Kushoto wa Fundi Besi

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Besi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi saa na mshona nguo, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, na alipofika sekondari akakutana na besi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama, na tangu hapo, mama alikuwa akisema, nyumba ikapata mtu wa tano.

Mwaka 1972 aliajiriwa na okestra ya redio, na kuanzia 1979 akafundisha chuo cha muziki, mwalimu asiye na mzaha, akiwataka wanafunzi waibane shingo ya besi kwa gumba la kushoto kwa nguvu zao zote. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwanafunzi wake mmoja alikuwa mdogo wake, anayewasomea historia hii, ambaye mwaka 1983 alisema gumba linamuuma, akajibiwa mbele ya darasa, "Wewe huumwi, wewe mvivu," akaendelea kubana mpaka mkono ukakakamaa, akaiacha besi akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaenda kuandika mabango ya maduka.

Mwaka 2002 marehemu naye alianza kuumwa, na mpiga besi mmoja mgeni akamwonyesha kwamba gumba ni la kuegemea tu, uzito unashuka kutoka begani hadi ncha za vidole, akajaribu mara moja, sauti ikatoka nene bila maumivu, akaketi akalia. Aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani barua za kuomba radhi, ila kwa mdogo wake alikwenda mwenyewe, tarehe 11 Agosti, akasimama mlangoni mwa karakana yake ya mabango na kusema, "Mdogo wangu, nilikukosea, mkono wako niliuharibu mimi." Mdogo wake hakuinua hata brashi kutoka kwenye bango, akajibu, "Nimesikia, kaka," basi, na kwa miaka kumi na minane wakawa wanasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2019, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, alikata roho wakati mdogo wake akiwa kwenye ngazi za wodi, bado anatafuta maneno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioshinda nasi, wenzake wa okestra, na wanafunzi wake wanaopiga leo bila kuumwa. Mdogo wake anaomba kuongeza neno moja: kaka, nilikusamehe siku ile ile, ila sikukwambia. Lala kwa amani.