Sauti ya Mama Kulwa kutoka Urambo

Ndugu zangu wa kikundi, za mchana. Mwenyekiti amenishika mkono pale mlangoni, akaninong'oneza, "Mama Sayi, kwenye ushuhuda wetu hatutaji watu majina." Nimemwitikia, nimeingia, na sasa nawaambia ukweli: nitawataja. Watu walionizika nikiwa hai wana majina. Walipewa na wazazi wao, sikuwapa mimi. Nimeandika kwa mkono wangu wa darasa la nne, kwa hiyo nikisoma polepole mnivumilie.

Uvimbe wangu ulianza kama punje ya mahindi, chini ya titi la kushoto. Hauumi, hauwashi. Nilikuwa naoga, nikaugusa, nikaendelea kuoga. Tulikuwa tumehamia hapa Shanwe, lakini ng'ombe wa mume wangu Ndebile walibaki Litapunga kwa kaka yake, shemeji Maduhu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Kwetu mkubwa akishasema, wadogo wanatazama chini. Punje ikawa karanga, karanga ikawa yai la njiwa, na mimi kimya. Nyie kina mama mnaelewa. Titi unaanzia wapi kulisema?

Mchana mmoja wa jua kali nimejilaza mkekani, redio inasoma kadi za salamu. Mnazikumbuka zile salamu: fulani wa Nzega anamsalimu fulani wa Kaliua, ujumbe, pendaneni. Usingizi unanichukua kidogo kidogo. Nikasikia, kama ndotoni, mtangazaji anasoma: Mama Kulwa, mkaanga vitumbua wa karibu na stesheni ya Urambo, anawasalimu kina mama wote wenye kansa ya titi, popote walipo. Ujumbe: mimi nimekatwa na bado nakaanga. Mtangazaji akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga shimo. Halafu akaweka muziki.

Nikakaa. Nyumba nzima ilikuwa nyeupe kwa jua, na mimi najiona kama nimeitwa na mtu aliyesimama mbali sana.

Barua ningeiandika mwezi mzima. Tulikuwa na redio kaseti ya Ndebile. Nikaanika betri juani zipate nguvu, nikabonyeza kitufe chekundu, nikasema, "Mimi ni Mama Sayi wa Shanwe, Mpanda. Ninao huo ugonjwa, nadhani. Sijakatwa. Naogopa." Maneno yakaisha hapo. Nikaiacha kaseti inazunguka, inachukua kuku na upepo. Nikampa Bibi Tausi, muuza asali anayepanda treni kwenda huko juu, amfikishie Mama Kulwa. Akaigeuza geuza. "Hii taarabu?"

"Hapana bibi. Ni mimi."

"Basi sitaipiga. Nisije nikalia bure safarini."

Kaseti ilirudi na sauti upande wa pili. Sauti pana, ina mikwaruzo, inavuta maneno kama Wanyamwezi wanavyovuta. "Mama Sayi, uoga wako nimeusikia, karibu nao. Wa kwangu nimeuzoea, unalala miguuni kama paka. Lakini huyo jogoo wako anawika mchana kwa nini? Mchinjeni."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tangu hapo kaseti ikawa inakwenda na kurudi. Upande mmoja mimi, upande mmoja yeye. Hatukuongea makubwa. Leo uji umeshuka. Leo mkono umevimba. Leo nimeota nanyonyesha. Nikipiga sauti yake nilifumba macho, nikawa Urambo. Mafuta yanachemka, mapacha wake wanagombania kigoda. Treni ya mizigo ikipita alisema, "Ngoja lipite," na mimi huku Shanwe nangoja lipite, ukuta wangu unatetemeka kwa treni isiyokuwepo. Ile nyumba niliijua. Nilijua mlango unalia ukifunguliwa, nilijua mvua inaanzia upande gani wa bati.

Baadaye kwenye kaseti yetu akaingia pia Mzee Fabiani wa Kaliua, seremala, aliyesikia salamu zile zile. Kansa yake ilikuwa kooni, ilishachukua sauti. Yeye alirekodi randa. Sikilizeni vizuri: randa tu, inapita juu ya mbao, inapumzika, inapita tena. Mama Kulwa alikuwa anamjibu, "Mzee, leo umechoka, nimesikia." Na mimi nilisikia kwamba kachoka. Mchana nalala, randa inapita, naona maranda yananiangukia kama mvua nyepesi, na siogopi kitu.

Lakini yai la njiwa lilikuwa linakua. Mama Kulwa akaanza kunisema. "Mama Sayi, nenda hospitali kubwa Dar. Kaseti ijayo usiponiambia siku ya safari, nakurekodia matusi ya Kinyamwezi upande mzima." Nikajikaza, nikamwambia Ndebile. Ndebile akasema ngoja nimuulize kaka.

Kaka yake alikuja. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa maziwa yangu, akasema, "Mwanamke akikatwa titi, hata ndama anajua huyo si mama." Aliyesema hivyo ni Maduhu. Yupo Litapunga, ana afya njema.

Wa pili ni wifi yangu Mbuke, niliyekuwa nimemkaribisha mwenyewe. Chumba chake na changu ukuta mmoja. Asubuhi alisikia sauti ya mwanamke inauliza, "Mama Sayi, umekula?" Na mimi, kwa mazoea, nimejibu, "Nimekula dada." Akaenda kwa kaka zake. "Ana mzimu. Anaongea nao, nao unacheka."

Ndebile alisema ni redio.

Mbuke akamjibu, "Redio inamjua mtu jina? Inamuuliza kama kala?"

Wakamleta wa tatu, mganga Lutego. Akaomba kaseti. Akauvuta ule utepe wote, mrefu, unang'aa, akauchoma langoni. Mama Kulwa, mapacha, randa ya mzee, vyote vikatoka moshi mweusi. Mimi akanibandika dawa ya mizizi. Dawa ikaunguza ngozi, ngozi ikapasuka, pakawa kidonda. Maduhu akaondoka na redio kaseti, akisema isije ikamwita mwingine. Nasikia kwake anapigia muziki wa harusi.

Miezi ile siwezi kuisimulia kwa mpangilio. Homa inapanda, inashuka. Sauti yake iliendelea kuja, mara kwenye birika linalochemka, mara kwenye bati. Nilikuwa natembea Urambo huku nimelala Shanwe. Nabisha mlango wake, mlango unalia, ndani hamna mtu, mafuta yanachemka. Nikawa najiuliza nani amekufa kati yetu.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo. Mchana, Mbuke yuko uani anamenya viazi. Nikasikia, "Hodi wenyewe. Hapa ndipo kwa Mama Sayi?" Sufuria likaanguka.

"Ni yule," Mbuke anasema. "Ni ule mzimu."

"Mzimu gani anabeba vitumbua, dada? Rudi uonje, hujafa bado."

Bibi Tausi alikuwa amemleta kutoka stesheni. Mimi nilimuota mrefu. Alikuwa mfupi, hana jino moja la mbele, kanga imepauka. Akakaa mkekani, akafunua kidonda, hakushika pua. Akasema, "Ngoja lipite," akanishika mkono, tukalia.

Jioni Ndebile akaja na kaka yake. Mama Kulwa akasimama. Hakusalimia kirefu. Akafungua blauzi mbele ya wale wanaume wawili. Upande mmoja titi, upande mmoja bapa kama kiganja, na kovu. "Shemeji zangu, msitazame chini. Aliyekatwa ndiyo huyu. Nimepanda treni na mzigo wangu kichwani. Watoto wangu wananiita mama, na ndama sijawauliza."

Maduhu akageuka kutoka. "Ndebile, twende. Huyu mwanamke hana haya."

Ndebile hakwenda. Alilitazama lile kovu. Akasema, "Kaka, mimi nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona mtu. Mke wangu anaondoka na treni inayofuata."

Sijawahi kumsikia akimjibu kaka yake kabla ya siku ile. Kaka yake alitoka bila kuaga.

Tulisafiri mimi na Mama Kulwa, bega kwa bega, nikilala begani kwake. Dar nikakatwa, nikapigwa mionzi, nikatapika mpaka nikawa mwepesi kama jani. Daktari akampima na Mama Kulwa, kwa sababu siku yake ya kurudi kupimwa ilikuwa imepita zamani. Ugonjwa ulikuwa umerudi, umeingia kwenye mifupa. Tumekaa kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini hakwenda siku ile. Akasema, "Nilikuwa nasubiri kaseti yako initajie siku, twende Dar pamoja. Haikuja. Nikasema nikuone wewe kwanza." Alisema bila lawama, kama anayesema mvua imeanza.

Alifariki Urambo wakati wa mvua zile za elinino. Reli ilikatika, sikumzika. Nilipata habari treni ilipoanza tena, Bibi Tausi akiwa amesimama mlangoni kwangu bila asali.

Kwa hiyo Maduhu, Mbuke, Lutego, mlidhani mmechoma mzimu. Mlichoma miezi ya mtu mwingine, mama wa mapacha, ambaye hamkumjua. Mchungaji ananiambia nisamehe. Najaribu asubuhi, ikifika jioni imeisha. Siwadanganyi, niko hapo hapo.

Namshukuru Bibi Tausi, miguu yake. Namshukuru Mzee Fabiani, popote alipolala. Namshukuru Ndebile, aliyechelewa lakini akatazama. Mama Kulwa sina neno la kumshukuru linalotosha. Mchana kukiwa kimya bado nasikia mafuta yake yanachemka, nainuka kumuitikia, nakuta nimesimama peke yangu chumbani.

Funzo langu ni hili. Uvimbe usiouma ndio wa kuukimbilia hospitali. Usingoje kikao cha ukoo, na usione haya kusema neno titi. Najua humu ndani kuna mmoja anayejigusa akioga na kuendelea kuoga. Usisimame sasa, watu watakutazama. Njoo nyumbani Shanwe, uliza kwa Mama Sayi aliyekatwa, wanapajua. Huna wa kwenda naye Dar, nitapanda treni na wewe, na kama ukoo wako unataka kuona kwanza, nitafungua blauzi.