Kijani Wasichokula Mbuzi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mtafiti alikuwa akipaka rangi miraba ya ramani iliyokuwa mapajani mwake: kijani kwa mimea yenye afya, nyekundu kwa ardhi tupu. Mama aliyeketi kando yake alishusha kidole juu ya mlima mmoja. "Mwanangu, hapa ni kwetu. Mbona kijani?"

"Picha za setilaiti zinaonyesha majani yameongezeka, mama. Msitu umerudi."

"Msitu gani? Tulikata miti tukalima, shamba likachoka tukaliacha. Hayo ni magugu. Hata mbuzi hawayataki, na ukiyashika yanang'oka na udongo wake."

Mtafiti alicheka, kisha akaacha. "Chini ya mlima huo kuna nyumba?"

"Yetu ni ya tatu kutoka mlimani. Msimu wa mvua ukianza, mjukuu wangu hulala na viatu, tayari kukimbia udongo ukiporomoka."

"Nimeshaandika kwamba mteremko huo ni salama."

"Si ufute tu?"

"Miraba mia mbili nimeipaka hivyohivyo, mama, bila kukanyaga hata mmoja. Kesho nitaanza kwenda kuikagua, wa kwenu kwanza."

"Basi wahi asubuhi. Mvua yetu hupiga mchana."

Mtafiti alifunika kalamu. Mimi, niliyekuwa nikijifanya nasoma gazeti, nilichungulia mtaa wangu kwenye ramani yake kabla basi halijasimama. Nao ulikuwa kijani.