Mjomba Pole na Tramu Isiyo na Ngazi

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mjomba Pole atarudisha ufunguo wake karakanani na kuanza maisha ya ustaafu. Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa sababu, walisema ofisini, ndimi niliyetoka shule juzi na bado ninakumbuka insha. Mengi nimeyapata kwa wenzake, na machache kwake mwenyewe, kati ya safari na safari.

Alianza kama kondakta. Baada ya miaka michache akahamia kiti cha dereva, na hakukiacha tena. Tramu zetu za zamani zina ngazi tatu za chuma, nyembamba na za kwenda juu sana, na kila aliyezipanda alifika akihema. Mjomba aliacha mlango wa chumba chake cha dereva wazi na kumpa kila mmoja pole yake: pole mama, pole mzee, pole mwanangu na mkoba huo. Abiria ndio waliompa jina. Barua za shukrani bado zinafika zikiwa zimeandikwa "Kwa Mjomba Pole" tu, na hakuna anayeuliza ni nani.

Utulivu wake pia unasimuliwa. Lori la magodoro liliwahi kukwama juu ya reli, na abiria wakamfokea dereva wake kwa zamu. Mjomba alishuka, akawaomba wamwache mtu apumue, maana aliyefokewa harudi nyuma vizuri. Wakanyamaza, na lori likatoka.

Mtu mmoja hakuwahi kuipata pole ile. Ni dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ambaye anatumia kiti cha magurudumu. Mara nyingi makondakta walijitolea kumbeba, akakataa. Jibu lake linajulikana karakana nzima: "Mimi si gunia. Tramu ikinitaka, ishuke." Basi kila jioni Mjomba alikuwa akimsimulia njia kwa mdomo, kona kwa kona, chai ikipoa.

Mwaka jana ikatangazwa kwamba zinakuja tramu mpya, ambazo sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo. Mtu anaingia kama anavyoingia sebuleni kwake. Meneja alimwambia Mjomba asijisumbue na mafunzo, amalizie muda wake kwenye zile za zamani kwa raha zake. Mjomba akaomba mafunzo. Vijana wakamtania kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Akawajibu kwamba mkavu naye hulowekwa.

Kuloweka kulichukua muda. Mazoea yana taabu, na yeye alizoea kusimama pale bega lake linapolingana na nguzo ya kituo. Katika tramu mpya dereva hukaa mbele zaidi ya mlango. Ukisimama kwa kipimo cha bega, mlango unabaki nyuma, kabla jukwaa halijaanza, na mwenye kiti cha magurudumu anaangalia shimo.

Alifeli jaribio la kwanza, akafeli na la pili. Mkufunzi ni mama ambaye Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha udereva, na wengi walidhani atamwonea haya. Alimwambia kwa adabu zote, "Mjomba, bega lako limeshastaafu. Sasa tumia macho."

Lilibaki jaribio moja. Akilikosa, asingeendesha tramu mpya kamwe, na nyumbani dada yake alikuwa ameshashonesha gauni la safari. Wakafanya mazoezi ukumbini: Mjomba akitembea mbele kama dereva, dada akimfuata kwenye kiti chake kama mlango, mpaka akaweza kusimama na dada akatokea sawa na kizingiti cha mlango walichokifanya kituo. Dada hakumhurumia hata kidogo. Mjomba akafaulu.

Wiki ya kwanza ya tramu mpya, mlango ulifunguka mbele ya dada yake pasipo hata ufa wa kupitisha kidole. Aliingia kwa mikono yake mwenyewe, akajiweka dirishani na gauni lake, akaikagua njia yote. Walipofika mwisho akamshtaki mdogo wake mbele ya abiria: kona ya sokoni si kali kama alivyoambiwa, na cherehani za fundi nguo wa pale ni mbili, si sita.

Lakini chumba cha dereva sasa kimezibwa kwa kioo, na safarini dereva haruhusiwi kuzungumza na abiria. Njia nzima walikuwa pamoja, kila mmoja upande wake wa kioo.

Mjomba, tunakushukuru kwa kila dereva uliyemfundisha na kila abiria uliyemfikisha. Jumatatu huna zamu. Tumesikia dada yako anataka kupelekwa mwisho wa njia nyingine ya tramu, na kwamba amekuwekea nafasi kando yake. Kaeni pamoja, mzungumze mpaka mwisho wa reli.