Fomu Iliyosomwa Ukurasa Mmoja

Benchi limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na wenyewe walikwishakaa: Jalada, karani mstaafu wa masijala; Gia Tatu, dereva wa lori la mchanga; Dobi, wa mlango wa pili; na Fundi wa pampu za maji, kikombe mkono huu, fomu mkono ule. Fomu ilitaka sahihi yake ili bintiye wa kidato cha tatu atumie wiki sita za likizo katika maabara ya uhandisi ya chuo. Mwalimu angepita kuichukua saa kumi. Isiposainiwa, nafasi ingepewa mwingine. Fundi angeweza kuisaini nyumbani. Lakini karatasi yake yoyote ilipita benchini kwanza, isomwe na Jalada. Naye Jalada hakusoma karatasi mpaka mwisho. Alisoma mpaka penye la kubishania.

— “Nafasi hizi ni za wasichana pekee.” Jalada akaishusha fomu. Hapa inatosha. Kwa nini wasichana pekee?

— Wanasema wameachwa nyuma, Fundi alijibu.

— Kawaacha nani? Mimi sijamwacha mtu. Mchagua jembe si mkulima.

— Jembe linaingiaje hapa? Gia Tatu aliuliza.

— Linaingia kwenye kuchagua. Kunywa kahawa yako.

Gia Tatu akanywa, akapangusa mdomo.

— Mimi lile jengo la maabara nalipita kila siku na mchanga. Sijapata kuona mtu akitoka.

— Unapita saa ngapi? Fundi aliuliza.

— Saa nne asubuhi.

— Saa nne watu wako kazini, bwana.

— Hata mmoja asitoke? Hapo pana jambo.

Dobi alikuwa akingoja zamu yake.

— Yale makoti yao meupe nayafua mimi. Yana madoa hayasikii sabuni. Sasa jiulize, doa lililoshinda sabuni limeishia kwenye koti, au limeingia kwa aliyevaa?

— Limeingia, Jalada aliamua. Na wanataka wasichana kwa sababu wasichana wana subira. Watawapima subira, waitie kwenye mashine. Kesho mashine ina subira, binti wa Fundi hana.

— Ataolewa na nani, hana subira? Dobi alisikitika.

Fundi aliitazama fomu. Asubuhi alikuwa karibu kusaini. Sasa alishaanza kuyaona yale madoa.

Saa kumi kasoro akatokea mwalimu wa fizikia, fomu za wanafunzi wengine zikiwa kwapani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mwalimu. Karibu kahawa.

— Asante, sikai. Fundi, tayari?

— Bado tunaipitia.

— Mmefika wapi?

— Ukurasa wa kwanza, Jalada alisema, bila haya.

Mwalimu akaichukua, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa binti.

— Kila mmoja ameandika swali analotaka kwenda kulichunguza. Lake hili: “Kwa nini pampu ya shule hukata mpira uleule kila miezi mitatu, hata ukiwekwa mpya?” Mimi sijui. Nyie wenye uzoefu, kwa nini?

Dobi akamtazama Jalada. Jalada akamtazama Gia Tatu. Wote watatu wakamgeukia Fundi.

Mpira ule Fundi alikuwa akiubadilisha kwa mwaka wa tatu sasa. Binti ndiye aliyemshikia spana, na kila mara aliuliza hivyohivyo. Kila mara Fundi alimjibu kwamba mipira ya siku hizi si mipira, lete spana namba kumi na saba. Jibu hilo likamjia tena mdomoni, akalimeza.

— Mwalimu, una kalamu?

— Ngoja kwanza, Jalada alisema. Ukurasa wa pili hatujaujadili.

— Nyie jadilini, Fundi alisema, akaiweka fomu gotini, akatia sahihi.