Miaka Ishirini na Saba ya Mwalimu Gerishom Garama na Kiingereza Chetu

Sijapata kumwambia mtu kwamba siku niliyoingia kidato cha kwanza sikuweza kusoma Kiingereza nikaelewa. Niliyatamka maneno tu. Mwalimu Gerishom Garama alilijua hilo kabla sijafungua kinywa, na hakunitaja mbele ya wenzangu.

Mwalimu Garama anastaafu tarehe 31 Agosti 1988, baada ya kufundisha miaka ishirini na saba. Alizaliwa Kibarani, Kilifi, akaanza kazi katika shule za msingi za bara, kisha akaletwa Malindi. Hapa amekuwa mkuu wa idara ya Kiingereza, mlezi wa maktaba na refa wa kandanda asiyekimbia.

Wengi wetu tulianza kusoma chuoni, kwenye Kurani, ambako anayesoma vizuri ni aliyehifadhi. Kwa hiyo mwalimu alipotupa habari ya mzee mmoja na safari yake ya gari-moshi, akasema tukaisome vizuri nyumbani, tuliihifadhi. Asubuhi Abdulhalim alisimama, akafumba macho, akaimaliza yote bila kukosea. Mwalimu akamuuliza ni wapi yule mzee alikuwa akienda. Ndipo Kenga akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, hapo hatujahifadhi."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Tangu siku hiyo alikata kila habari vipande kwa wembe, akavichanganya, akatupa tuvipange. Asiyeelewa hakuweza kupanga. Msamiati tuliupata humo humo, na sarufi pia, kwa sababu kipande chenye kitendo cha jana hakikukubali kukaa na cha kesho. Harusi, mwenzetu aliyekuwa akilia kila kipindi cha Kiingereza, siku hizi anaazima vitabu maktaba.

Ningependa kuandika kwamba tumefika. Hatujafika. Katika mtihani wa Julai darasa zima waliofaulu Kiingereza hawajazi dawati moja. Sisi ndio wa kwanza kufanya mtihani wa mfumo mpya wa elimu mwakani, na hakuna karatasi za miaka iliyopita za kujipimia. Mwalimu alipoturudishia majibu alisema, "Wanangu, hamkufanya uvivu. Mimi ndiye niliyeishiwa na siku." Kenga alijibu, "Basi utuchukue na sisi, mwalimu, tukauze nazi za shamba lako." Hakuna aliyecheka.

Shule imeomba mwalimu mwingine. Jibu halijaja, na mwalimu mkuu haahidi kitu.

Mwalimu Garama, ahsante kwa subira yako. Mungu akupe afya, shamba lako lizae, na mapumziko yako yawe marefu kuliko taabu tuliyokupa. Samahani tunakuaga tukiwa bado wanafunzi wa namna hii.

Likizo yake ya mwisho ilianza wiki iliyopita. Jumanne kipindi chake kilipofika, hakuja mwalimu yeyote. Abdulhalim alilala juu ya dawati, wengine walitoka. Mimi husikika kwa shida hata nikiitika jina langu, lakini nilisimama nikasoma ukurasa uliofuata kwa sauti. Nikaandika maswali yake ubaoni. Nikauliza nani anajua majibu. Hakuna aliyejua, hata mimi. Nikachukua kamusi nikakaa karibu na Harusi, tukaanza na swali la kwanza.

Batuli Mahadhi, Kidato cha Tatu